Aliyevunja Ndiye Anayeshona

Nilimfokea wifi yangu mbele ya wageni, siku ya ubatizo wa mtoto wangu wa pili, na kufoka kwenyewe sijutii. Ninajutia sentensi moja tu niliyoiweka mwishoni, na hiyo nitaifikia sasa hivi.

Wifi, dada wa mume wangu, alikuja kwetu Endasak siku mbili kabla ili anisaidie maandalizi. Ni mchapakazi, simnyimi haki yake. Alifagia, akapiga deki, akapanga vyombo upya, akaleta na boksi la glasi zenye maua ya bluu. Jumapili tumetoka kanisani, wageni wameshakaa, mimi naingia jikoni kuchukua kibuyu changu cha kunywea maziwa. Sisemi kile kirefu chenye shingo cha kuhifadhia. Nasema kile kilichokatwa kati kikawa kama bakuli, rangi ya asali iliyokolea, ubavuni kina mishono. Hakipo. Nikatafuta kabatini, chini ya meza, hakipo. Nikamwuliza Resti, binti yangu wa darasa la pili. Akaangalia miguu yake.

"Shangazi amekitupa," akasema.

Nilikikuta kwenye shimo la taka nyuma ya banda la ng'ombe, juu ya maganda ya viazi. Kilikuwa kimepasuka upya, upande mwingine ambao haukuwahi kuguswa na sindano. Nikaingia nacho sebuleni hivyo hivyo, kikiwa na maganda.

"Nani alikwambia utupe hiki?"

"Wifi jamani! Kimeshonwa kama tairi la baiskeli. Padri amekaa pale, ulitaka anywe humo? Watu watasema kaka yangu hana hata kikombe."

"Kaka yako alikikuta sandukuni mwangu siku aliyonioa. Hajalalamika."

"Basi si nimekuletea glasi? Nzuri tu. Unang'ang'ania takataka."

Hapo ndipo nikasema. Nikasema, "Wewe unajua kutupa tu. Ndiyo maana na wewe ulitupwa."

Kila aliyekuwa pale alijua nasema nini. Mwaka mmoja uliopita mume wake alimrudisha kwao na mabegi yake mawili, akaingiza mwanamke mwingine ndani. Padri akainamia supu yake. Mume wangu akataja jina langu, taratibu, mara moja. Mimi nikageuka nikatoka.

Nilikaa kwenye gogo la kupasulia kuni, nyuma ya jiko. Nikakifuta kibuyu kwa khanga. Halafu, sijui kwa nini, nikaingiza pua ndani. Miaka yote hiyo na harufu bado ilikuwepo: moshi wa kijinga cha moto, cha ule mti tunaosafishia vibuyu, maziwa mgando, na kwa mbali nta ya nyuki. Nyie mliolelewa na bibi zenu mnaijua. Haikuchukua hata dakika moja, nikawa niko Bashay kwa bibi yangu, nina miaka tisa, na kibuyu hiki kiko kichwani mwangu kama kofia.

Nililelewa na Aama. Ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita bibi. Mama alikuwa anauguza mdogo wangu hospitali, mimi nikapelekwa Bashay kwa wiki mbili, kisha ile habari ya kunirudisha ikasahaulika. Sikudai. Aama alikuwa mkali, mvuta ugoro, mtu asiyejua kusifu. Ukifanya vizuri alikaa kimya. Ukifanya vibaya ukoo mzima ulijua. Lakini hakuna mtu niliyemwona anafanya vitu vidogo kwa uangalifu kama yule mwanamke. Vitunguu saumu vikivunwa, wenzetu walivimwaga chini ya paa vikauke. Aama alivilaza kwa mistari, kimoja kimoja, mizizi yote inatazama upande wa mlima. Mimi na wajukuu wenzangu tulimcheka kwa siri. Siku moja nikamwuliza, "Aama, saumu zinapangwa mistari ziende shule?"

"Wewe una macho?"

"Ninayo."

"Basi yape kazi."

Sasa, kofia. Nilikuwa naigiza askari. Nikachukua kibuyu cha kunywea cha Aama, nikakivaa, nikaanza kuwapigia mbuzi saluti uani. Saluti ya tatu niliipiga kwa nguvu mno. Kibuyu kikateleza, kikaangukia jiwe la kusagia. Sauti yake naisikia mpaka leo, kama mtu amevunja ukuni mkavu kwa goti. Nikakificha nyuma ya magunia. Nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeniagiza.

Jioni Aama akakamua, akaja na maziwa, akanyoosha mkono pale kibuyu kinapokaa siku zote. Mkono ukakuta hewa. Hata hakugeuka.

"Askari amevuliwa kofia?" akauliza.

Alikuwa ameniona tangu saluti ya kwanza. Nikalia. Nikasubiri fimbo. Fimbo haikuja. Akasema tu, "Kwetu aliyevunja ndiye anayeshona," akaninywesha maziwa yangu kwenye kikombe cha bati.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilidhani nitapewa sindano. Nikapewa kibuyu na kigoda, nikaambiwa nikae mlangoni penye jua.

"Kitazame."

"Nimeshakiona, Aama."

"Sikukwambia ukione. Ufa unaishia wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hapana."

Akaenda zake shambani. Nyie, asubuhi nzima! Wenzangu wanapita njiani wanacheza, mimi nimekumbatia kibuyu kilichopasuka kama mtu anayenyonyesha. Nilikigeuza, nikakilaza, nikakichukia. Nilikuwa nimeambiwa nitazame ufa, nikajikuta natazama vingine. Kumbe rangi yake si moja. Kumbe pale kwenye kitako pana duara dogo jeusi, na mistari myembamba kama ya mkono wa mtu. Kumbe ndani, pale midomo ya watu wengi ilipogusa, pameng'aa kuliko kwingine. Nilikuwa nanywea kibuyu kile kila siku na sijawahi kukijua.

Aama aliporudi nikamwonyesha mahali pale pale. Akalowesha kidole chake mate, akakipitisha polepole. Ufa ukanywa unyevu, ukawa mweusi, na ukaendelea kuwa mweusi, vidole viwili zaidi ya pale nilipoonyesha. Uzi mwembamba kuliko unywele.

"Umeona? Ukishona mpaka pale jicho lako lilipochoka, huku mbele ufa unaendelea kutembea. Kesho unapasuka tena. Tundu la kwanza linatobolewa hapa, unapoishia. Ukifunga hapa, umeufunga."

Tulitoboa kwa msumari uliopashwa moto. Uzi ulikuwa kano za mbuzi, zilizokaushwa, zikapasuliwa kwa meno, zikaloweshwa. Jioni nne, kabla ng'ombe hawajarudi, nilishona mishono kumi na mmoja. Wa kwanza ulikwenda kushoto, wa pili kulia, wa tatu ulisimama peke yake kama mtu aliyegombana na majirani. Ilikuwa mibaya, sitawadanganya. Nikamwuliza Aama nifumue nirudie?

"Ukikitoboa mara ya pili kinakufa. Usifumue. Shona unaofuata vizuri."

Wa kumi na mmoja ulinyooka. Nikausubiri usifiwe. Aama akapaka nta, akakipasha karibu na moto mpaka nta ikaingia, akamimina maziwa. Hayakuvuja. Akavuta ugoro wake, akapiga chafya, basi.

Baada ya hapo kikaanza kitu kilichonitesa. Kila mgeni aliyekuja, Aama alimpa maziwa kwa kibuyu kile, na kila mara alikigeuza makusudi ili mishono yangu imtazame mgeni. Hakukosea hata siku moja. Upande wa pili ulikuwa safi kabisa, lakini yeye alinyoosha ubavu wangu mbovu mbele ya katekista, mbele ya balozi wa nyumba kumi, mbele ya mama mkwe wa shangazi yangu. Mimi nilijua maana yake. Ananishitaki. Fimbo niliyoikwepa siku ile ndiyo hii, inapigwa kidogo kidogo, na mashahidi wapo. Nikawa nikisikia hodi natoroka.

Wakati huo kulikuwa na mwalimu wa hesabu kutoka Japani kwenye sekondari ya jirani, anajitolea. Mwalimu Yumi. Watoto tulimwona wa ajabu. Alikuwa akitembea barabarani, ukungu ukishuka juu ya misitu, anasimama. Anasimama tu, anatazama, mpaka ukungu upite. Tulimfuata tukinong'ona, "Amepoteza kitu." Siku moja akasimama mbele ya nyumba yetu, na alichokuwa anatazama ni saumu za Aama juu ya turubai. Alisimama mpaka Aama akaudhika, au akafurahi, kwake uso ulikuwa mmoja.

"Mwite huyo mtoto wa watu aingie," akaniambia. "Atapigwa na jua."

Akaingia. Akavua viatu mlangoni, akavigeuza vikatazama nje, akaviweka pamoja. Akasema shikamoo akiinamisha mgongo mzima. Aama akaitikia marahaba kwa sauti niliyozoea kuisikia kanisani tu. Halafu, kama nilivyoogopa, akachukua kibuyu. Akamimina. Akakigeuza. Mishono yangu kumi na mmoja ikamtazama Mjapani usoni. Na safari hii sikuwa na pa kutorokea, maana Aama alijua Kiswahili cha sokoni tu na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

Mwalimu akakipokea kwa mikono miwili. Akatazama mishono. Akatazama sana. Akapitisha kidole juu yake, mmoja mmoja, kama anayehesabu. Kisha akakizungusha kibuyu, mara moja, mara ya pili, mpaka mishono ikawa upande wa mbali, na akainua ule upande safi apeleke mdomoni.

Nikamwona ana kinyaa. Niliona kwa macho yangu, mtu mzima anatafuta mahali ambapo sikugusa. Damu ikanipanda. Nikamnyang'anya kibuyu. Maziwa yakamwagikia sketi yake, yakachuruzika mpaka kwenye soksi.

"Wewe!" Aama akasimama.

"Anatafuta pasafi!" nikapiga kelele. "Ana kinyaa na mishono yangu! Na wewe, kwa nini unawaonyesha watu kila siku?"

Mwalimu Yumi alikuwa amelowa na ndiye aliyeomba radhi. "Samahani. Mimi nimekosea?" Akatafuta maneno, Kiswahili chake kilikuwa kinatembea kwa fimbo. "Upande huu ni uso. Kuna kazi ya mtu. Bibi ananipa uso, ni heshima. Mimi siweki mdomo juu ya kazi ya mtu. Natazama. Nasema asante. Nageuza. Nakunywa huku nyuma. Kwetu ni hivyo."

Nikamtafsiria Aama, nikiwa bado na kwikwi. Aama akajipiga paja.

"Kumbe na kwao kuna watu!" akasema. "Mwambie ni ya nani hiyo mishono."

"Aama..."

"Mwambie."

Nikamwangalia mwalimu, nikasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyevunja."

Aama alikielewa Kiswahili hicho kidogo. Akanishika bega.

"Sikukwambia useme aliyevunja. Nimekwambia useme aliyeshona."

"Mimi ndiye niliyeshona," nikasema.

Na Mwalimu Yumi akaweka mikono magotini, akaniinamia. Mimi, mtoto wa miaka tisa, miguu ina vumbi, makamasi yananitoka. Aliniinamia vile vile alivyomwinamia Aama, mgongo mzima. Maisha yangu yote watoto ndio walioinamia wakubwa wapewe mkono wa kichwani. Sikujua niweke wapi macho yangu. Lakini nilijua kitu kimoja: nilikuwa nimekua, pale pale, kwa urefu wa mishono kumi na mmoja.

Alipoondoka, Aama akaniuliza, "Ulidhani nakushitaki?"

"Ndiyo."

"Kosa lilikwisha siku ulipotoboa tundu la kwanza. Mgeni huonyeshwa kizuri cha nyumba. Sasa nenda kachukue maji, umemwaga maziwa ya watu."

Huo ndio ulikuwa mwisho wa sifa zangu. Mpaka alipokufa hakuniambia nyingine, na sikuhitaji.

Mwalimu alizoea kuja Jumamosi. Walikaa mlangoni, wawili wasioelewana lugha, mimi katikati. Mara moja alijaribu kutueleza kwamba kwao wapo watu wanaoamini kutazama vizuri ni sehemu ya kuwa mtu mwema. Namna unavyoweka kikombe chini, namna unavyoona ua linaanguka, haikutengana na namna unavyomtendea mwenzako. Nilikuwa mdogo, nikamfupishia Aama nilivyoweza: "Anasema kwao kupanga saumu ni kama dini."

"Mwambie asichanganye mambo," Aama akajibu. "Saumu zikilaliana zinaoza." Akavuta ugoro. Kisha akaongeza, bila kumtazama yeyote, "Lakini asiyeona saumu yake inaoza, jirani yake atamwona saa ngapi?"

Hiyo niliitafsiri neno kwa neno. Mwalimu aliiandika.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo kwenye gogo la kuni siku ya ubatizo, na niwaambie nilijivuna. Nilisema moyoni, mimi ni mjukuu wa mwanamke aliyekuwa na macho. Huyu wifi yangu ni kipofu. Nikainuka nikiwa nimejaa vile, nikarudi jikoni. Juu ya meza kulikuwa na zile glasi zenye maua ya bluu, zinasubiri soda. Nikachukua moja. Nadhani nilitaka kuidharau kwa karibu.

Ukingoni ilikuwa na pengo dogo, limesuguliwa lisikate mdomo. Na zilikuwa tano. Boksi ni la glasi sita.

Nilizijua. Miaka saba nyuma, kwenye arusi ya wifi, mimi nilikuwa upande wa kuosha vyombo, na niliziosha glasi hizi kwa mkono wangu, nikamwambia, wifi, maua yake mazuri. Katika mabegi mawili aliyofukuzwa nayo, hizi ndizo alizozifungia nguo zisivunjike. Ndizo alizoniletea mimi. Siku mbili zilikaa juu ya meza yangu, na mimi niliyefunzwa kutazama na mwanamke wa Bashay na mwanamke wa Japani, sikuwa nimezitazama.

Bado nilikuwa na hasira naye. Sitaki mdhani iliyeyuka. Kibuyu ni kibuyu, alikitupa bila kuuliza. Lakini nilijua ufa huu hauishii pale nilipoonyesha kidole.

Asubuhi yake nilimkuta jikoni anamenya viazi, mgongo amenipa.

"Wifi, lile neno la jana."

"Uliona watu walivyonyamaza?"

"Niliona."

"Hukuona. Ulikuwa umeshageuka."

Kweli. Nikasema, "Nisamehe. Lilikuwa neno baya, na ulikuwa umeniletea glasi zako za arusi."

Kisu kikasimama. Akajifuta uso kwa kiwiko. "Moja ilivunjika kwenye basi," akasema. "Na mimi hicho kibuyu sikujua. Nilidhani ni umaskini mnauficha."

"Sasa unajua. Kaa hapa."

"Nifanye nini?"

"Aliyevunja ndiye anayeshona."

"Wifi! Mimi na kucha hizi?"

"Hizo hizo."

Nilimpa kibuyu, nikamwambia aloweshe kidole atafute ufa unaishia wapi. Alibisha, akacheka, akalowesha. "Mama yangu! Unafika mpaka huku!" Resti akaja akakaa miguuni mwetu. Nilipasha msumari, yeye akatoboa, akaungua, akatukana kidogo na Resti akafurahi sana. Nilikibana kibuyu kwa mikono miwili ili pande zikutane, yeye akashona. Mishono saba. Katikati ya wa nne na wa tano alianza kunisimulia ile nyumba aliyofukuzwa, kitu ambacho hakuwahi kukisema kwa mtu, hata kwa kaka yake. Sikumkatiza. Nilibana.

Alirudi tena kwetu baada ya mavuno. Resti ndiye aliyemkaribisha. Akamimina maziwa kwenye kibuyu, akakigeuza kama nilivyomfundisha, mishono saba iliyopinda ikamtazama mwenyewe. Wifi akaitazama kwa zamu.

"Huu wa tatu una aibu," akasema. Kisha akakizungusha, akanywea upande wa pili.

"Shangazi, mbona umegeuza?" Resti akauliza.

"Sasa nikanyage kazi yangu kwa mdomo?"

Mimi nilikuwa nakunywa kwa glasi yake ya arusi, ile yenye pengo. Resti alikuwa na nyingine. Nikamwona anaishusha, anatafuta ua la bluu lilipo, analitazama. Hakuna aliyemwambia kitu. Akaigeuza glasi polepole kwa vidole vyake vyenye vumbi la chaki, mpaka ua likamtazama shangazi yake, ndipo akanywa.